Wasambazaji wanataka dampo la ajali ili wakubali kwamba dampo haliandikwi!

Wanajukwaa, assalamu alaykum.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitajaribu kuificha. Seva ya ofisi yetu hapa Langoni, Lamu, imeanguka mara tatu tangu tuliposasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha kompyuta nzima, na mara zote tatu haikuacha hata baiti moja ya ushahidi. Tulipowaandikia wasambazaji wa mfumo wa Linux tunaoutumia, ambao tunawalipa ada kila mwaka na ambao sitawataja hapa, walijibu kwa sentensi moja: tuwatumie dampo la ajali. Malalamiko yetu ni kwamba dampo haliandikwi! Huko ni kumtaka maiti aje mwenyewe kutoa ushahidi wa kifo chake.

Kwa wasioshughulika na mambo haya, na kabla mtu hajanikumbusha kwamba dampo ni mahali pa kutupa taka, dampo la ajali ni nakala ya yaliyokuwamo katika memori ya kompyuta wakati kerneli ilipokufa, na bila nakala hiyo fundi hubaki kukisia. Katika Linux kazi hiyo hufanywa na kdump, iliyoingizwa katika kerneli ya 2.6.13 mwaka 2005. Mashine inapowaka hutengwa sehemu ya memori, ambayo kwetu ni megabaiti 256, na humo hupakiwa kerneli ya pili inayokaa kimya ikisubiri msiba. Kerneli kuu ikianguka, udhibiti huruka moja kwa moja hadi kwa hiyo ya pili, nayo huikuta memori ya marehemu katika /proc/vmcore, huinakili diskini, kisha huiwasha mashine upya. Ni hori lililofungwa nyuma ya jahazi: hulitumii safari nzima, lakini siku jahazi linapozama hutaki kugundua kwamba lilikuwa limetoboka.

Letu limetoboka. Usiku mmoja, wenzangu walipokwisha kwenda makwao, niliiangusha seva kwa makusudi kwa kuandika herufi c katika /proc/sysrq-trigger. Kerneli ya pili iliwaka vizuri, ikaendelea mpaka ikaifikia draiva ya kidhibiti cha diski, yaani programu inayokiongoza kifaa kinachosimamia diski, ikaganda hapo. Nilisubiri dakika 20 nikiwa na simu mkononi, nikakipiga picha kioo, nikaizima mashine. Kisha nikairudisha kerneli ya zamani na kuiangusha vilevile, na dampo likaandikwa kwa muda usiofika dakika tatu. Mashine ni ile ile, diski ni zile zile, mipangilio sikuigusa. Linaloniudhi zaidi ni kwamba muda wote huo huduma ya kdump ilikuwa ikitangaza kuwa iko tayari, kwa sababu inachokiangalia ni kama kerneli ya pili imepakiwa, haiangalii kama inaweza kuifikia diski.

Picha na maelezo yote hayo niliyatuma. Waliniambia niongeze memori iliyotengwa hadi megabaiti 512. Nikaongeza, na hali haikubadilika. Wakaniambia tununue kidhibiti kingine, kifaa cha kuagizwa Mombasa, kije kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, ilhali tulicho nacho kinafanya kazi bila tatizo na kerneli waliyotupa wao wenyewe kabla ya hii!

Basi nikaifanya kazi yao. Hazina yao ya msimbo iko wazi, na kati ya kerneli nzima na hii mbovu palikuwa na mabadiliko kama 1,000. Amri ya git bisect hukupa badiliko la katikati ulijaribu, ukisema ni zima au ni bovu nusu moja huondoka, na kwa kuwa moja ikizidishwa kwa mbili mara kumi hufika 1,024, hatua kumi zinatosha. Hatua kumi ni maneno mepesi kuyaandika. Kila moja ni kuunda kerneli, kuiwasha, kuiangusha na kungoja, na mimi nilikuwa na seva hiyo hiyo moja, ambayo asubuhi lazima iwahudumie watu. Zilinichukua usiku nne, na katika hatua ya sita umeme ulikatika nikaianza upya.

Badiliko lililopatikana limo katika draiva ya kidhibiti. Mwandishi wake aliondoa hatua ya kukisafisha kidhibiti mwanzoni, yaani kukifutia amri za zamani, akieleza kwamba programu-msingi ya mashine, ile inayowaka kabla ya kerneli, huwa imekwisha kukisafisha. Hilo ni kweli mashine inapowashwa kwa kawaida. Lakini kerneli ya dampo haipitii programu-msingi. Hukikuta kidhibiti kama marehemu alivyokiacha, kingali na amri zisizokamilika, nayo hukaa ikingoja jibu lisilokuja. Nililiondoa badiliko hilo peke yake, nikaunda kerneli upya, na dampo likaandikwa.

Niliwapelekea namba ya badiliko na matokeo ya hatua zote kumi. Ripoti ikafungwa kwa maelezo kwamba taarifa hazitoshi, kwa kuwa haikuambatanishwa na dampo.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amesema hadharani miaka mingi kwamba kilichokuwa kikifanya kazi hakiruhusiwi kuharibika kwa sababu tu mtumiaji amesasisha kerneli. Hawa wanaichukua kerneli hiyo, wanaiongezea viraka vyao, wanatuuzia kwa jina la utulivu, kisha sharti hilo wanaliacha mlangoni.

Na sababu ya ile mianguko mitatu ya mwanzo bado siijui, maana ushahidi wake ulipotea. Mwenye seva iliyosasishwa karibuni na aiangushe kwa makusudi wakati ambapo hakuna anayeitumia, aangalie kama kuna faili jipya katika /var/crash, kisha aandike hapa ana kidhibiti gani. Nikipata hata wawili wenye hali kama yangu, nitaifungua ripoti upya kwa majibu yetu sote.