Mafundi mnaoandika redistribute pande zote mbili bila filta, mmetuchosha

Wakuu habari za usiku. Leo nina hasira na sitaki ushauri wa "tulia kwanza", nataka niseme tu.

Hivi hawa makonsalta wa netiweki wana nini? Mtu anashinda tenda, anakuja na diagramu ya rangi rangi, anaingia kwenye rauta mbili za mpakani anaandika redistribute, yaani njia za OSPF zimwagwe kwenye EIGRP na za EIGRP zimwagwe kwenye OSPF (hizo ni protokali mbili za rauta kuambizana njia), zote mbili, bila tagi (alama ya njia) bila route-map (kanuni ya kuchuja njia) bila chochote, anapiga pingi mbele ya bosi inajibu, makabidhiano yanasainiwa, anasepa. Sisi tuliobaki ndo tunapigiwa simu saa nane usiku tawi halioni mfumo.

Hali iko hivi. Matawi ya zamani yote EIGRP, makao makuu wamehamia OSPF kwa sababu boksi mpya sio za Cisco. Hapo sina ugomvi, EIGRP ni ya Cisco, na hata baada ya kuandikwa kwenye RFC 7868 (hati ya wazi ya intaneti) mwaka 2016 vendo wengi hawajaigusa. Rauta mbili zinaunganisha hizo pande mbili ili moja ikifa nyingine ibebe. Wazo zuri tu. Ila ukiwa na sehemu MBILI za kubadilishana njia na huna filta, umejitengenezea lupu, na hiki kitu kinafundishwa darasani jamani, sio siri ya jeshi.

Kwa wasioelewa: kila protokali ina AD, namba ambayo rauta inaitumia kuamua imwamini nani, ndogo ndo inashinda. OSPF ni 110. EIGRP kwa njia zake za ndani ni 90, ila zile zilizoingizwa kutoka nje ni 170. Sasa tawi la kawaida halina shida, 90 inaipiga 110. Shida ni yale matawi yenye static (njia iliyoandikwa kwa mkono) ya kwenda kwa mshirika, static ikaingizwa kwenye EIGRP, ikawa 170. Rauta A inaipokea inaimwaga OSPF. Rauta B inaiona njia ileile kwa 170 kutoka tawini na kwa 110 kutoka kwa A, inachagua 110, yaani inamwamini mwenzake kuliko mwenye mali! Halafu B nayo imeambiwa chochote cha OSPF irudishe EIGRP, inarudisha, na jamaa kaiwekea metriki (kipimo cha ubora wa njia) ya kujitungia ya giga nzima wakati linki ya tawi ni redio ya mega chache, kwa hiyo A nayo ikiangalia inaona heee kumbe kwa B ndo karibu. Basi. A inampa B, B inampa A, kama zile ofisi za dirisha namba tatu nenda namba tano, namba tano rudi namba tatu, mpaka TTL (idadi ya rauta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) inaisha pakiti inakufa. Ukipiga traceroute unaona IP mbili zilezile zinapokezana mpaka hop ya 30.

Na kinachoniuma zaidi, lawama ya kwanza ilienda kwa watu wa faiba. Tumewasumbua wale vijana, wamekuja na mashine zao wamepima, waya uko safi kabisa, wakaondoka wanatuangalia vibaya.

Dawa ni mistari michache tu. Njia ikitoka EIGRP kwenda OSPF igonge tagi, njia ikitaka kutoka OSPF kurudi EIGRP ikiwa na tagi hiyo ikataliwe, na upande wa pili hivyohivyo, rauta zote mbili. Hapo umemaliza, kazi ya nusu saa na chai juu. Ila yeye hana muda, tenda nyingine inamsubiri.

Sijamaliza, twende kwenye VRF (majedwali ya njia yaliyotengwa ndani ya rauta moja) maana huko ndo kachemka kabisa.

Tulitaka majedwali yatengane: kamera peke yake, wageni wa waifai peke yao, uhasibu peke yake, halafu wote waone DNS na DHCP tu (seva za majina na za kugawa IP). Ombi la kawaida mno. Unatengeneza VRF ya huduma za pamoja, inatoa route-target yake (RT, lebo inayoamua njia iingie VRF ipi), wengine wanaiingiza hiyo tu, na yenyewe inaingiza za wengine. Kamera na uhasibu hawaonani milele kwa sababu njia iliyoingizwa kutoka VRF moja haitolewi tena kwenda ya tatu. Jamaa yeye kaona uvivu, kila VRF inaingiza route-target za VRF zote!! Sasa umetenganisha nini hapo? Kamera ya getini inaipingi seva ya mishahara, na trafiki yote inakatiza ndani ya rauta, faiwoli ya mamilioni iko pembeni inapepewa na feni. Nilipomuuliza akaniambia "lakini RD (route distinguisher) ziko tofauti mkuu". RD!! RD kazi yake ni kuzifanya anwani zinazofanana zisigongane ndani ya BGP (protokali inayobeba njia kati ya mitandao), haizuii mtu kuona chochote, anayeamua nani aone nini ni RT. Mtu ana cheti ukutani na hajui hilo.

Halafu kamera na wageni wote wawili wako 192.168.1.0/24. Ukizichanganya kwenye jedwali moja, moja inapotea, na ndo ilivyotokea.

Vendo nao wana lao, sikatai. OSPF ukiiingiza kwenye BGP zinapita za ndani tu, za nje mpaka uzitaje. EIGRP usipoipa metriki, njia za OSPF haziingii na wala haikuambii. Na ukiweka OSPF ndani ya VRF kwenye rauta ya mteja, zile njia zinazokuja na alama ya DN (ya kuzuia lupu) zinaonekana kwenye databesi ila kwenye jedwali hazipo, unatafuta mchawi mpaka ukumbuke kuna mstari wa capability vrf-lite. Ila hayo yote yameandikwa, ukisoma unayakuta.

Na kuna atakayekuja hapa na "mbona kitu kidogo". Februari 2008 Pakistan Telecom walitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yao tu, ile /24 waliyoiandika (kipande cha anwani za YouTube) ikavuka kwenda BGP ya nje, PCCW (kampuni ya mtandao ya Hong Kong) wakaipokea bila filta wakaisambaza, YouTube wao walikuwa wanatangaza /22, kipande kipana zaidi, na rauta huchagua kile finyu, kwa hiyo /24 ikashinda, dunia ikakosa YouTube karibu masaa mawili. Filta tu hiyo ilikosekana.

Mwenye template ya kukagua konfigi KABLA ya kusaini makabidhiano aiweke hapa, futa IP zako. Safari hii hasaini mtu mpaka tuzime rauta moja, tuiwashe, tuangalie njia zinarudi wapi.

APDETI: konsalta kajibu meseji. Anasema hilo ni "nje ya skopu", atatuma proforma ya sapoti.