Uzi: Muziki wa chemba (wa kundi dogo) bustanini Raskazone, piano tuifanyeje?

mwenye_uzi: Wakuu, salaam. Tunaandaa onyesho la nje hapa Tanga mwezi Agosti, wasikilizaji kama 80, bila spika. Wapigaji ni saba: fluti, obo, klarineti, fidla mbili, selo na piano ya wima inayotoka ukumbini, mita 60 hivi. Tuanze saa ngapi, na piano ityuniwe lini?

fundi_nyuzi: Anzeni saa kumi na nusu, mmalize saa kumi na mbili. Hapo adhana ya magharibi haijafika na unyevu wa usiku haujashuka. Piano itolewe asubuhi, ikae kivulini palepale saa tatu au nne, ndipo ityuniwe. Ukiityuni ndani kisha ukaitoa, umetupa hela: ubao wa sauti (ule unaokuza mlio wa nyuzi) ukinywa unyevu wa bahari unavimba, na noti za katikati zinapanda kuliko za pembeni. Fundi arudi kabla wageni hawajakaa. Noti nyingi zina nyuzi tatu. Zikiachana sauti hata kidogo, inalia kama bati.

pwani_pwani: Kuibeba pia kuna kazi. Kilo 200 na ushee, watu sita na kitoroli. Vigurudumu vyake visiguse nyasi, vinazama na mguu unang'oka. Tandikeni plaiwudi ya milimita 18. Halafu msiipe bahari mgongo! Ubao wa sauti uko nyuma, nusu ya muziki mtawapigia samaki. Iwekeni mshazari, mgongo uelekee kwa wageni, kifuniko cha juu wazi.

mpingo_mkavu: Mmesahau wapulizaji. Jua likipiga, nyuzi za fidla zinalegea na sauti inashuka. Hewa ndani ya klarineti ikipata joto, sauti inapanda. Hapo mmeshaachana. Wote wawe kivulini, wachukue LA, noti ya kulinganishia, ya piano (si ya obo, maana piano haibembelezeki), na klarineti ivute pipa (kipande kifupi chini ya mdomo wake) milimita 1 au 2. Obo na klarineti nyingi ni za mpingo, huu huu wa Lindi, lakini zikiachwa kitini juani zinapasuka vilevile. Mpiga fluti aupe upepo wa kusi mgongo: upepo ukipita mdomoni unapeperusha pumzi kabla haijafika tunduni, na noti inakatika.

fundi_nyuzi: Naam. Na vibanio vya nguo vinne kwa kila kisimamio cha nota, miguuni mfuko wa mchanga.

mwenye_uzi: Shukrani wakuu. Na mvua ya ghafla je?

pwani_pwani: Turubali likae limekunjwa nyuma ya piano, watu wanne wajue kila mmoja pembe yake. Kama hamna watu hao, chukueni kibodi ya funguo 88 zenye uzito kama za piano. Mie ningechukua hiyo tangu mwanzo.

fundi_nyuzi: Kibodi bila spika kubwa, selo ataimeza. Leteni piano.