Amplifaya ya vinobu, ya kadi au ya DSP? Gari ni Noah, nipo Dodoma

mwana_Ntyuka:
Wakuu habari za muda huu. Nina Noah old model, redio nimeshaweka ya Android ya inchi 9 maana ile ya Mjapani ilikuwa inaishia FM 90 stesheni nyingi za hapa huzipati. Mbele nina spika za inchi 6 na nusu na twita zake, nyuma kuna sabu moja ya inchi 12 kwenye boksi. Nataka amplifaya moja ya chaneli nne, mbili ziende mbele, mbili nibriji (niziunganishe ziwe moja) kwa sabu.

Nimezunguka mjini nimebaki na tatu kichwani. Ya kwanza mpya, ina vinobu vya HPF (inayozuia besi, ya spika za mbele) na LPF (inayopitisha besi tu, ya sabu) vya kuzungusha kwa bisibisi, Hz 40 mpaka 400, ubavuni imeandikwa 3000W. Ya pili Rockford Fosgate ya zamani, kuna jamaa anahama kikazi anaiuza, hiyo haina kinobu cha krosova (hizo filta za HPF na LPF) kabisa, kuna vikadi vidogo vya kuchomeka vimeandikwa 80 basi. Ya tatu kadogo kana DSP (chipu ya kuchakata sauti kidijitali) unaset kwa simu ila bei ni kama mara mbili ya ile ya kwanza. Fundi mmoja ananiambia krosova zote ni zilezile nisisumbuke, mwingine anasema ya kadi ni mkweche. Naombeni muongozo.

Chalii_wa_Makole:
Beba ya 3000W mzee, besi isikike mpaka Nyerere Square 😂 mambo ya krosova waachie wazee.

fundi_Kizota:
Mkuu huyo muache apite. Kabla ya krosova, geuza hiyo ya 3000W uangalie fyuzi zake. Tuseme zipo mbili za 25, hiyo ni ampea 50, gari ikiwa inaunguruma alteneta inatoa kama volti 14, 50 mara 14 ni wati 700 zinazoingia. Zinazoingia, sio zinazotoka. Kama ni klasi AB karibu nusu inaishia kwenye joto, kwa hiyo unabaki na 350 hivi au 400 kwa chaneli zote nne ukizijumlisha. Klasi D ina nafuu, inatoa asilimia 80 na kitu.

Haya krosova sasa. Kinobu kwa ndani ni rizista ya kuzunguka, na filta ya dB 12 (huo ndio mteremko, yaani ukali wa kukata) ikiwa ya stereo inataka rizista nne kwenye shafti moja zinazotembea pamoja. Kwenye mashine za bei rahisi hazitembei pamoja, unakuta kushoto imekata 85 kulia imekata 105, na ile michoro ya pembeni ni ya kukisia tu. Unaona 40 huku na 400 kule unadhani katikati ni 220, wapi, mara nyingi inaangukia kwenye mia na kitu halafu ukikaribia mwisho ukigusa tu inaruka. Weka na vumbi letu hili la kuanzia mwezi wa sita, hasa amplifaya ikikaa chini ya siti, kinobu kinaanza kukwaruza, ukikigusa besi inakatika upande mmoja.

Ya kadi aliyekwambia ni mkweche hajawahi kuifungua. Rockford walikuwa na hizo kadi, wanaziita XCard, kwenye Punch za miaka ya 1990. Ndani ni rizista za kawaida zisizozunguka, zimesolidiwa. Ikisema 80 ni 80, kushoto na kulia, leo na mwaka kesho. Ubaya wake ni kwamba ukitaka 65 huna, na kadi nyingine dukani hapa huzipati. Ila mwenye mkono wa solda anabadilisha rizista mwenyewe, rizista ikiwa kubwa mara mbili frikwensi inashuka nusu, kutoka 80 unaenda 40. Ukitaka 100 unagawa kwa 1.25. Cha kuangalia kwenye mashine ya umri huo ni kapasita kubwa za pawa, zikiwa zimevimba au zimevuja chini usiitoe hela yako.

Mama_Ipagala:
Kaka fundi umesema vizuri lakini mbona DSP umeiruka kama huioni 😄 Mimi natumia DSP kwenye IST, kwenye simu naandika 80, naandika na mteremko, 12 au 24, haina vumbi haina kukwaruza. Na kuna kitu ambacho kinobu wala kadi hazifanyi, kuchelewesha sauti. Huku kwetu dereva anakaa kulia, spika ya kulia iko karibu na goti ya kushoto iko mbali kule, kwa hiyo mziki wote unaegemea mlangoni kwako. Sauti inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, ukipima kwa tepu ukakuta ya kushoto imezidi kwa sentimita 68 unaichelewesha ya kulia milisekunde 2, mwimbaji anahamia katikati ya dashibodi.

fundi_Kizota:
Dada hapo sibishi, kwa anayekaa peke yake kwenye gari DSP ni tamu. Lakini Noah ni ya familia, ukimsetia dereva, wa siti ya tatu anasikia vurugu. Na mleta uzi ana redio ya Android, nyingi zina DSP ndani tayari, aingie kwenye menyu ya sauti aangalie kabla hajalipa mara mbili.

mwana_Ntyuka:
Nimeangalia wakuu, redio ina HPF, LPF na hiyo dilei (kuchelewesha sauti) pia. Na ile ya 3000W fyuzi yake ni moja tu ya 30 😭 Sasa hii ya vinobu naweza kujuaje imekata wapi kweli?

fundi_Kizota:
30 mara 14 ni 420 zinazoingia, jaza mwenyewe.

Kujua imekata wapi ni multimita tu. Chomoa spika kwanza. Swichi ya krosova weka FULL (bila kukata kitu), piga toni ya Hz 80 kutoka kwenye simu au flashi, multimita iwe AC volti, pandisha mpaka isome 10. Usiguse kitu kingine, hamisha swichi kwenye HPF, zungusha kinobu polepole mpaka isome 7 na pointi kidogo. Hapo ndipo 80 ilipo, weka alama na makapeni, maandishi ya kiwandani yasahau. Pima na upande wa pili, ukikuta volti zinapishana sana ujue ndio yale ya rizista zisizotembea pamoja. LPF hivyohivyo.

Ila usiweke HPF kwenye redio na kwenye amplifaya kwa pamoja. Zinajumlishana, 12 na 12 inakuwa 24, na pale kwenye 80 volti inashuka hadi nusu, yaani 5 badala ya zile 7, halafu unalalamika milango imekuwa mikavu.

Mama_Ipagala:
Basi kwa hali hiyo hata mimi nasema achukue ya kadi, kapasita zikiwa nzima, dilei atumie ya redio. Ila zile kadi zikate peke yake, redio aache filta OFF. Na sabu ni ohm ngapi?

mwana_Ntyuka:
Sabu ni ohm 4 dada.

fundi_Kizota:
Ohm 4 kubriji sawa, ingekuwa 2 ningekwambia acha.

Ukishafunga, kama filta ni za dB 12 na zote mbili ziko 80, spika za mlangoni na sabu zinapishana kwa nyuzi 180 palepale kwenye 80, moja inasukuma nyingine inavuta, besi inapotea sehemu hiyo wakati sabu unaiona inatikisika. Geuza waya za sabu, chanya iende hasi, kaa kiti cha dereva usikilize wimbo uleule kwa sauti ileile. Upande utakaojaza zaidi ndio wako, hata kama waya zinaonekana zimefungwa kinyume.