Naomba ushauri: je, niendelee kuukwepa uwanja wa Nairobi kwa mapenzi ya Mombasa?

Mkaazi wa Kizingo

Ndugu zangu, assalamu alaykum na heshima kwenu nyote.

Nina jambo ambalo nyumbani kwetu limekwisha kuleta maneno, na ningependa kusikia rai za watu wasiokuwa wa familia. Mwezi wa Julai, inshallah, nakusudia kumpeleka mama yetu Birmingham, Uingereza, akawaone wajukuu zake wa kwa dada yangu. Mama amepita umri wa miaka sabini na magoti yanamsumbua. Viza zimekwisha kutoka. Kilichobaki ni tiketi, na hapo ndipo tulipogawanyika.

Mimi nina desturi ya muda mrefu, ambayo wengine huiita ukaidi: sitoki nje ya nchi kwa kupitia Nairobi ikiwa ipo ndege ya kimataifa inayoondoka Mombasa. Zamani nikienda Dubai kwa shughuli za duka nilikuwa nikipitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, na tangu flydubai waanze kuja hapa Januari 2024 napanda ndege yao moja kwa moja. Sababu yangu ni kwamba mji huu una uwanja wenye njia ya kurukia inayozidi mita 3,300, ambayo ndege kubwa za masafa marefu zinaweza kuitumia bila shida, na bado tumezoeshwa kuamini kwamba mtu wa Pwani hawezi kwenda ng'ambo mpaka kwanza apelekwe bara. Kwa mawazo yangu, kila kiti tunachokijaza pale Changamwe, ulipo uwanja wetu, ni hoja mkononi mwa wale wanaodai mashirika zaidi yaruhusiwe kutua hapa.

Safari hii njia ziko tatu. Ya kwanza ni Qatar Airways kutoka Mombasa hadi Doha, kisha Doha hadi Birmingham kwenyewe, yaani kubadilisha ndege mara moja tu. Ya pili ni Kenya Airways, Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi London, halafu safari ya gari mpaka Birmingham. Ya tatu ni ya mdogo wangu anayeishi Nairobi, ambaye anataka tupande treni ya SGR kutoka Miritini, tulale kwake usiku mmoja, kisha tuondoke na shirika jingine lenye nauli ya chini, kwa tiketi inayoanzia Nairobi. Njia hiyo ya tatu inapungua takriban shilingi 20,000 kwa kila mtu ikilinganishwa na ya Doha, na ile ya Kenya Airways iko katikati.

Mdogo wangu ana neno jingine ambalo sijalipatia jibu. Ananiuliza ni uaminifu gani wa mji huu ambao mwisho wake ni kumpa Mqatari fedha na kulinyima shirika la nchi yangu mwenyewe. Naomba mnisaidie kwa yote mawili: ni njia gani inayofaa kwa mama, na je, desturi yangu hii inaufaa mji chochote, au najifurahisha nafsi tu?

---

Tiketi za Biashara Street

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Riziki yangu inatokana na kukata tiketi hapa mjini, kwa hivyo nitaanza na swali lako la mwisho.

Desturi yako ina faida, ingawa faida yenyewe haiko mahali unapoiweka. Mashirika ya ndege hayahesabu tu vichwa vilivyomo ndani ya ndege moja. Yanachunguza mahali safari ya abiria inapoanzia na mahali inapoishia kwa mujibu wa tiketi, na takwimu hizo hununuliwa na kutazamwa hata na mashirika ambayo hayajawahi kutua kwetu. Mtu aliyekata tiketi ya Mombasa hadi London, hata kama anabadilisha ndege Nairobi, huonekana kuwa ni abiria wa Mombasa. Mtu aliyepanda treni mpaka Syokimau, kituo cha SGR cha Nairobi, na kuanza tiketi yake Nairobi huonekana kuwa ni abiria wa Nairobi, na mji wake haupati alama yoyote kwake, hata kama amezaliwa Kibokoni na babu zake wote wamezikwa huko. Kwa hivyo, ukitaka kuupigania mji kwa tiketi, jambo la kuchunga ni herufi tatu za mwanzo kwenye tiketi, MBA, yaani alama ya uwanja wa Mombasa, zaidi ya kujiuliza kama ndege itagusa Nairobi au haitagusa. Kwa kipimo hicho njia yako ya kwanza na ya pili zote ni za uaminifu. Ni ya tatu pekee inayoutoa mji katika hesabu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau. Shirika la kigeni haliji Mombasa kwa kupenda kwake tu. Nchi mbili huwekeana mkataba wa huduma za anga, na mkataba huo unaweza kutaja viwanja vinavyoruhusiwa na idadi ya safari kwa wiki. Wenye mahoteli ya Pwani wamedai kwa miaka mingi milango ya Mombasa ifunguliwe zaidi, na wanaopinga hujibu kwamba kufanya hivyo ni kumnyang'anya Kenya Airways abiria anaowakusanya na kuwapitisha Nairobi. Katika mabishano hayo takwimu za abiria wanaoanzia Mombasa zina uzito, lakini uamuzi hufanywa ofisini, wala si kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo.

Usisahau pia kwamba abiria wa Mombasa wamekuwa watalii kwa sehemu kubwa, na mtalii huondoka kwa ghafla. Mei 2014, baada ya serikali ya Uingereza kutoa onyo la usafiri, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha wateja wao nyumbani na kusitisha ndege zao za Mombasa kwa miezi kadhaa. Shirika linalotaka kuruka mwaka mzima linahitaji watu ambao watasafiri hata pasipo mtalii: mfanyabiashara wa Dubai, mwenda umra, bibi anayekwenda kuwatazama wajukuu. Nyinyi ndio hao.

---

Mpita Njia wa South B

Mimi ni mtu wa Nairobi, mnisamehe kwa kuingia baraza la wenyewe.

Mdogo wako ana hoja, na haijibiwi kwa kusema kwamba bara inaionea Pwani. Kenya Airways ilianzishwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa East African Airways, na tangu hapo imebebwa na jasho la walipa kodi wote, wakiwemo wa Mombasa. Baadhi ya madeni yake yamedhaminiwa na serikali. Shirika hilo likianguka, sehemu ya gharama itakuwa juu yako, Bwana Mkaazi, hata kama hujawahi kukaa katika kiti chake. Ndiyo maana naona ajabu mtu aseme kwamba analipa nauli Doha kwa ajili ya kuwatetea watu wake.

Vilevile ada ya huduma inayotozwa ndani ya tiketi haibaki Changamwe. Viwanja vyote viwili viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya, na mapato huingia mfuko mmoja. Kinachobaki Mombasa ni kazi: wapakiaji mizigo, madereva wa teksi, wapishi wa chakula cha ndege, maofisa wa kaunta. Sikatai kwamba hilo ni kubwa, lakini mtu anayepanda Kenya Airways au Jambojet kutoka Mombasa huwapa watu hao hao kazi ile ile.

---

Bint Vuga

Haya mambo nasi tunayo Unguja, kwa hivyo nimeyasoma kwa hamu. Kwa muda mrefu Mzanzibari aliyetaka kwenda mbali alivuka kwanza kwenda Dar es Salaam, kwa boti au kwa ndege ndogo. Siku hizi, kwa kuwa kuna jengo jipya la abiria katika uwanja wa Abeid Amani Karume na mashirika mengi yanakuja moja kwa moja, hata watu wa Dar wamo wanaovuka kuja kwetu kufuata nauli nzuri. Hapo ndipo utaona kwamba uaminifu wa abiria hauna mizizi mirefu: wale waliokuwa wakitulaumu kwa kuikimbia Dar ndio tunaokutana nao kwenye foleni.

Kaka Mkaazi, ningekuuliza jambo moja. Kama ndege ya Doha ingekuwa inaondoka Nairobi tu, na Mombasa pakabaki njia ya kubadilisha ndege mara tatu, ungempeleka mama kwa njia hiyo ili usipite Nairobi?

---

Mkaazi wa Kizingo

Dada yangu wa Unguja, nisingempeleka, na swali lako limenibana vizuri. Kwa nafsi yangu nimewahi kukubali kungoja usiku kucha Addis Ababa kwa ajili ya msimamo huu, lakini mama hajaweka nadhiri yoyote ya kuukwepa uwanja wa mtu.

Bwana wa South B, karibu sana, baraza hili halina mwenyewe. Ulilosema juu ya mfuko mmoja ni kweli. Nitakachokujibu ni kwamba shirika la taifa limepanga kila kitu kizunguke Nairobi kwa sababu za biashara yake, nami pia nina ruhusa ya kupanga safari yangu kwa sababu zangu. Naomba wengine waendelee, hasa juu ya magoti ya mama.

---

Muuguzi wa Mbali

Mwanangu, nimefanya kazi ya uuguzi Uingereza muda mrefu na kwetu ni Likoni, kwa hivyo acha niseme juu ya mama, kwa maana nyote mmemsahau.

Njia ya tatu iondoe kabisa. Treni hiyo ni safari ya saa tano au sita, na kutoka kituo cha Syokimau mpaka uwanja wa ndege bado kuna gari. Usiku mmoja kwa ndugu ni jambo jema kwa vijana, lakini mzee mwenye magoti mabovu atakuwa amechoka kabla safari yenyewe haijaanza. Shilingi 20,000 unazookoa utazitumia kununua dawa za maumivu.

Kati ya mbili zilizobaki, jambo kubwa kwangu ni mwisho wa safari. Ukishuka Heathrow, unakutana na uwanja mkubwa mno, mwendo mrefu hadi uhamiaji, kisha zaidi ya saa mbili za barabara hadi Birmingham, na zaidi kama kuna msongamano. Ukishuka Birmingham, uwanja ni mdogo na binti yake anaweza kumpokea mlangoni. Tena kwa njia ya pili mtalazimika Nairobi kutoka upande wa ndege za ndani kwenda upande wa ndege za kimataifa, na kukaguliwa upya.

Omba kiti cha magurudumu mapema, si siku ya safari. Mwambie wakala akiandike kwenye tiketi, na ufanye hivyo angalau saa 48 kabla ya kuondoka, kwa njia zote mbili, kwenda na kurudi. Eleza wazi kama mama anaweza kupanda ngazi au hawezi, kwa sababu si kila mahali ndege huegeshwa mlangoni; wakati mwingine abiria hushukia ngazi na kupelekwa kwa basi, na asiyeweza ngazi hushushwa kwa gari maalumu la kuinua. Wazee wetu huona haya kusema hawawezi, kwa hivyo wewe ndiye wa kusema. Mapumziko ya Doha yawe ya saa mbili na nusu au tatu. Yakiwa ya saa moja na nusu, atakimbizwa. Yakiwa ya saa kumi, miguu itavimba.

---

Tiketi za Biashara Street

Naunga mkono maneno ya mama yetu muuguzi, lakini nisimfiche mwenzetu udhaifu wa njia ya Doha. Ndege za Mombasa ni chache kuliko za Nairobi. Moja ikifutwa, huenda usipate nyingine siku hiyo hiyo, na mara nyingi shirika lenyewe litakupeleka Nairobi ili uunganishe kule. Ikitokea hivyo, kubali bila kugombana. Tiketi yako itabaki imeanzia Mombasa. Pia njia zote za Ghuba zina hatari ya siasa za eneo lile: Juni 2025 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa na abiria wengi wakakwama.

---

Wakili Asiye na Joho

Nyongeza fupi ya kisheria, kwa kuwa inagusa moja kwa moja uchaguzi wenu.

Hakikisheni kwamba safari yote imo katika tiketi moja. Mkikata mbili mbalimbali, kwa mfano ya ndani ya nchi peke yake na ya kimataifa peke yake, na ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina wajibu wa kuwangoja wala kuwapa viti vingine. Hapo ndipo nauli rahisi hugeuka kuwa ghali.

Kwa safari ya kurudi, sheria ya Uingereza inawalinda abiria wote wanaoondoka katika uwanja wa Uingereza, bila kujali shirika ni la nchi gani. Mkifika Mombasa mkiwa mmechelewa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika, fidia kwa masafa hayo ni pauni 520 kwa kila abiria, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua mwaka 2017 kwamba ulinzi huo unahusu pia ndege ya kuunganisha nje ya Ulaya ikiwa safari ilikatwa pamoja. Kwa safari ya kwenda hamna ulinzi huo kwa shirika lisilo la Uingereza wala la Ulaya, lakini mna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo. Sanduku likiharibika, andikeni malalamiko ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21.

---

Mkaazi wa Kizingo

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na mama na mdogo wangu jana usiku, na tumekubaliana juu ya njia ya Doha, tiketi moja, na mapumziko ya saa tatu kasorobo. Mdogo wangu amekubali kwa sharti kwamba safari yangu ya Dubai ya mwezi wa Oktoba nipande Kenya Airways kupitia Nairobi, tiketi ikianzia MBA, nami nimeridhia, maana nimeelewa kwamba kwa hesabu za mji hakuna nitakachokuwa nimepoteza. Kiti cha magurudumu kimekwisha kuandikwa pande zote mbili. Mama amesema ngazi anaziweza, na dada yangu kwenye simu amesema haziwezi, kwa hivyo tumeandika haziwezi.