Mlo katika treni za masafa marefu za Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani

Mzee wa Ngamiani, Tanga: Binti yangu atasafiri kwa treni ya California Zephyr kutoka Chicago hadi Emeryville, safari ya zaidi ya saa 50. Nimesikia kwamba mapishi yameondolewa na abiria hupewa chakula cha kupasha moto. Je, ndivyo ilivyo katika treni zote?

Kijana wa Chumbageni: Shikamoo mzee. Si zote. Sheria ya mwaka 2015 iliitaka Amtrak iondoe hasara ya huduma ya chakula ndani ya miaka mitano, na ndiyo sababu kubwa ya mapishi kuondolewa katika treni mbili mwaka 2018, kisha katika nyingine za mashariki mwaka 2019. Uviko-19 uliyafikisha mabadiliko hayo magharibi, lakini Juni 2021 wapishi walirejea huko, Zephyr ikiwamo, kwa abiria wa vyumba vya kulala, ambao mlo wao umo ndani ya nauli. Kumtoza mtu nauli ya chumba kisha kumpa boksi lililopashwa moto, kwa maoni yangu, ni kumpunja.

Mama wa Raskazone: Baba, kama binti amekata tiketi ya kiti, ajue kwamba lipo behewa la mkahawa linalouza sandwichi na vinywaji. Chakula chake mwenyewe anaruhusiwa kula akiwa kitini, ila si katika behewa la mlo. Mfungashie visheti, havichachi upesi.

Mzee wa Ngamiani: Ahsanteni. Amekata ya kiti, basi visheti vitapikwa.