Leopadi geko au kresti geko kwa mtoto wa miaka 9? Nyumba yetu baridi

MamaZuu: Wakuu habari za jioni. Kijana wangu ameniganda anataka mjusi wa kufuga, na mimi nimekulia Tanga, kwetu mjusi kafiri akionekana ukutani bibi anavua ndala, leo nikanunue mjusi kwa hela yangu 😂 Ila nilishamuahidi. Zimebaki aina mbili, leopadi na kresti. Tupo Leicester, Uingereza, umeme ghali, na funza hai kwenye friji yangu sitaki kuwaona. Mliofuga nisaidieni.

kobe_mwendo: Dada chukua leopadi. Wangu ana mwaka wa 6, mpole sana, anatembea chini tu maana vidole vyake havinati ukutani kama hawa wa kwetu, na ana kope, analala kafumba macho kama mtu. Ila huyu hali matunda wala majani, ni wadudu basi, nyenje na hao funza usiowataka, tena unawapaka unga wa kalsiamu yenye vitamini D3 la sivyo mifupa inalainika miguu inapinda. Joto upande mmoja wa tanki nyuzi 32 hivi, upande wa pili 24 au 25, atachagua mwenyewe.

FundiRashidi: Hapo kwenye joto muwe makini jamani. Mimi duka liliniuzia mkeka wa umeme bila themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto lisizidi, wakasema chomeka tu, nami nikachomeka. Siku ya tatu namwinua nakuta tumbo jekundu kama limepitishwa pasi, napima pale alipokuwa amelala, 44! Dokta wa wanyama, dawa ya kupaka wiki tatu, na bili yake ningenunua themostati mbili chenji ikabaki. Alafu mchanga usiweke, anaumeza pamoja na nyenje unaganda tumboni. Karatasi za jikoni au vigae vinatosha.

binti_kisauni: Mie niko upande wa kresti. Nyuzi 22 mpaka 26 zamtosha, ikipita 28 ndio ateseka. Chakula chake ni unga wa matunda wa dukani, waukoroga na maji uwe kama uji mzito, wamtilia kwenye kifuniko cha chupa usiku, asubuhi wakuta amelamba, nyenje wampa mara mojamoja tu. Lakini ataka tanki la kwenda juu lenye majani, na kila jioni umnyunyizie maji. Na mkia wake ukikatika hauoti tena, wa leopadi waota japo waja mnene umbo la ajabu. Wangu aliuachia siku mlango ulipojibamiza, mkia wenyewe ukawa warukaruka kwenye zulia, mwanangu alilia mpaka kikohozi. Sasa ana kisiki na hana habari.

moro_town: Mbona hamumtaji geko wa kwetu Tanzania, yule wa bluu? Si mzuri kuliko wote hao?

kobe_mwendo: Mzuri ndio kilichomponza mkuu. Anaishi msitu wa Kimboza hapo Morogoro na vipande vichache vya jirani, kwenye miti ya mikadi, watu walikuwa wanakata miti kabisa ili wamshushe. CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, imemweka daraja la juu kabisa la ulinzi tangu 2017, kumuuza nje akiwa ametoka porini hairuhusiwi. Mtoto wa miaka 9 mwache na leopadi.

FundiRashidi: Na yeyote utakayemchukua jua anaweza kufika miaka 15, hata zaidi.

MamaZuu: 15?! Huyu ataenda chuo mimi nibaki kumpikia mjusi uji 😭 Basi wa uji huyohuyo, wadudu wamenishinda. Nimeona tanki la sentimita 45 kwa 45, urefu 60, yatosha?

binti_kisauni: Yatosha kwa mmoja. Usiku wa baridi kali tia taa ya joto ndogo, na yenyewe iwe na themostati, umemsikia Fundi. Na wasije wakakuuzia madume wawili, waumana.

MamaZuu: Mmoja tu. Na bibi asiambiwe.