Mzee kanipa kisu cha kukunja, juu kabandika senti moja. Maana yake nini?

Mtoto_wa_Nyarugusu (Jumanne)

Wakuu habari za mihangaiko. Naombeni msaada kwa anayejua haya mambo, na muda wenyewe sina, mwisho ni Ijumaa hii.

Mi niko Erie, Pennsylvania, mwaka wa nne sasa, napiga kazi kiwanda cha plastiki shifti ya asubuhi. Pale kazini kuna wazee watano wa Kimarekani, kila saa ya kula wanakaa meza moja ya pembeni, na kila mmoja ana kisu chake cha kukunja mfukoni. Sio bisu la kutishia mtu, ni vile vidogo vya zamani, mpini wa mfupa au wa mbao au plastiki ya njano. Wakishakaa wanavitoa wanaviweka mezani, mmoja anachukua cha mwenzie anakifungua anasikiliza ule mlio wa springi, tak, anampa wa pembeni naye anasikiliza, wanaweza wakamaliza nusu saa nzima wanaongelea kisu kimoja tu na hakuna anayechoka. Mmoja wao ana miaka 68. Miezi yangu ya mwanzo nilikua nakulia kwenye gari peke yangu kwa sababu Kiingereza kilikua shida, siku moja akaja akagonga kioo, akatoa kisu, akakata tufaha katikati akanipa nusu. Hakusema kitu. Kesho yake nikaenda kukaa ile meza na mpaka leo nakula pale.

Sasa jana kanipa kiboksi. Ndani kuna kisu, mpini wa njano, mabapa mawili, kimetumika kweli kweli mpaka chuma kimekua na rangi ya kijivu inayovutia kwenye bluu, na juu ya mfuniko kabandika senti moja na selotepu. Kaniambia soma maandishi uhesabu nukta, basi, akaondoka. Ijumaa anastaafu.

Nimeangalia, pale bapa linapoingia kwenye mpini imeandikwa CASE XX, chini U.S.A., chini yake kuna nukta 4. Upande wa pili ni namba 3254. Sielewi chochote. Na hiyo senti ndo inaninyima usingizi, ni ya bahati, ni deni, au ni kitu gani?

La pili, jana usiku nimekiosha na sabuni ya vyombo nikakiacha pembeni ya sinki, asubuhi nakuta kina madoa ya rangi ya chungwa. Nimeumia roho jamani, kitu cha mtu kakitunza miaka yote hiyo mi nakiharibu usiku mmoja.

La tatu ni mke wangu, hataki kukiona ndani. Namuelewa. Sisi wote ni wa Fizi, mashariki ya Kongo, kwetu ukiona mtu anatoa kisu mfukoni unakimbia huulizi. Hata mimi siku ile ya tufaha, mwili ulishasisimka wote kabla macho hayajaliona tufaha lenyewe.

---

Kaka_wa_Louisville

Mdogo wangu, kwanza kabisa hiyo senti usiitumie wala usiipoteze, ni yake, inatakiwa irudi kwake. Hawa wazee wana imani kwamba kisu ukimpa rafiki bure kinakata urafiki, ndo maana anayetoa anaweka na senti, na anayepokea anamrudishia ile ile kama malipo. Hapo kisu kinahesabika kimenunuliwa, hakijatolewa, na urafiki wenu uko salama. Wengi hawajui hii kitu ilianzia wapi ila hawathubutu kuiacha, mi nimeona mtu mzima kasahau kuweka senti akarudi barabarani dakika 40 kuileta. Kwa hiyo Ijumaa mpe mkononi kabla hajaondoka, mtazame usoni. Ukikaa nayo ni sawa na mtu kakusalimia hukuitikia.

Haya, nukta. Hiyo Case ni kampuni ya visu ya Bradford, Pennsylvania, kama saa 2 kwa gari kutoka hapo ulipo. Kuanzia 1970 walikua wanapiga nukta 10 chini ya jina, halafu kila mwaka wanaondoa moja, kwa hiyo 1971 nukta 9, 1972 nukta 8, unashuka hivyo hivyo. Nukta 4 ni 1976. Ila subiri, 1980 walianza upya na nukta 10, wakabadilisha herufi S ya kwenye jina ikawa imechongoka kama radi. Angalia hiyo S yako, ikiwa ya kawaida ni 1976, ikiwa ya radi ni 1986. Zile X mbili wenyewe wanasema bapa lilikua linapigwa X likiingia kwenye tanuri la kukazia chuma na X ya pili likitoka. Na 3254, hiyo 3 ni mpini wa njano, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo, wanaliita trapper. Ungekua na 6 mwanzoni ingekua mpini wa mfupa. Mifupa wanayotumia ni ya miguu ya ng'ombe wa nundu kutoka Brazil, ng'ombe kama wa kwetu kabisa, mi nilipolijua hilo nilikishika kisu changu kwa namna nyingine.

Bapa refu lenye ncha kali ni la kazi zote. Lile lingine lenye ncha butu asili yake ni kuhasi mifugo, kabutuliwa makusudi ili usichome pasipohusika.

Madoa usiogope. Chuma hicho ni cha zamani, kinashika kutu ukikiacha na maji, ila kutu ya usiku mmoja ni ya juu juu tu. Nenda famasi nunua mafuta yale meupe yasiyo na harufu, mineral oil, tia tone kwenye kitambaa sugua taratibu, ikigoma tumia stilwaya laini kabisa pale pale kwenye doa. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda kwenye maungio yanakua gundi. Na ule ukijivu wa bluu NAKUOMBA USIUGUSE. Sio uchafu, ni matufaha ya miaka yote aliyokata huyo mzee, yanakipa chuma rangi na yanasaidia kutu isishike. Ukiung'arisha umemfuta yeye.

---

Mama_Zule_Sheffield

Kaka hongera, umepewa kitu kikubwa. Mi nipo Sheffield Uingereza, mji wa visu huu, mito yake ndo ilikua inazungusha mawe ya kunolea zamani. Jirani yangu bibi wa miaka 80 na kitu, ujana wake alikua mng'arishaji kiwandani, walikua wanajifunga magazeti na karatasi za kaki miguuni na tumboni na kitambaa chekundu kichwani kwa sababu ya ile mchanga na mafuta yanayoruka. Nikimtembelea anatoa droo ya mumewe marehemu, visu 30 hivi, anaviweka kwenye kitambaa kimoja kimoja anavipangusa, hakuna hata kimoja cha kuuza. Nampelekea kachori, ananikatia keki na kisu cha mfukoni cha mumewe, na hicho hakiguswi na mtu mwingine. Ndo yeye aliyenipeleka makumbusho ya Kelham Island, tukasimama kwenye visu vya Stan Shaw, yule fundi aliyeanza kazi 1941 akiwa kijana mdogo, akafa 2021 na miaka 94, alikua anatengeneza kisu chote mwenyewe kwa mkono tangu kipande cha chuma mpaka kifungike.

Kuhusu mkeo, usimshinikize na usimfiche. Huku tuna msiba wa visu kwa vijana wetu, mi nina mtoto wa kiume wa miaka 16 najua ile hofu inavyokaa tumboni. Kilichonibadilisha mimi ni kukiona kisu mikononi mwa yule bibi kikikata keki, wiki baada ya wiki. Basi mkeo naye akione kinafanya kazi. Kisikae mfukoni ukiwa ndani, kiweke jikoni mahali anapopajua yeye, watoto wasipafikie.

Na sheria uijue ya hapo ulipo. Kwetu huku cha kutembea nacho bila kuulizwa sababu ni kinachokunjwa kisicho na kifungio, makali yasizidi inchi 3, hicho chako kingezidi kidogo. Huko kwenu usithubutu kuingia nacho shuleni unapowafuata watoto, wala mahakamani, wala uwanja wa ndege.

---

Mzee_Kitundu_Kigoma

Ndugu wa Fizi, nimesoma nikaguswa. Marehemu babu alikua na kisu cha Okapi, wakubwa humu watakumbuka, mpini wa mbao umepachikwa mwezi na nyota za chuma, ukikifungua kinalia kr kr kr kr mpaka kinakaza. Wajerumani walianza kukitengeneza 1902 kwa ajili ya kuuza makoloni yao ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Sasa okapi mwenyewe ni mnyama wa Kongo yenu, misitu kama ya Ituri, duniani kote porini hayupo kwingine, na wanasayansi wa Ulaya walimpa jina lao mwaka 1901, mwaka mmoja tu kabla ya kisu. Kwa hiyo usidhani haya mambo ya visu vya mfukoni ni ya wazungu peke yao, jina la mnyama wa nyumbani kwenu lilikua kwenye mifuko ya babu zetu.

Babu alikua anakatia muwa, anachongea mti wa jembe, anakatia nyuzi za nyavu. Alikua hampi mtu kisu mkononi, anakiweka chini wewe unakiokota, ukimuuliza anasema visu havipokezani. Naona na huyo mzee wako kaja na njia yake ya kuzunguka jambo lile lile. Sisi wajukuu tulikua tunajua kakasirika au la kwa namna anavyokifunga. Alipofariki hakikuonekana, mpaka leo hakijulikani kilipo, na ndo kitu pekee cha babu nilichokitaka.

Kitumie mdogo wangu. Usikifungie kabatini.

---

Mtoto_wa_Nyarugusu (Jumamosi)

Wakuu nimerudi, asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili mbili.

S ni ya kawaida. 1976.

Madoa yametoka, mafuta na kitambaa tu, stilwaya sikuihitaji. Ule ubluu sijaugusa.

Jana saa ya kula wote watano walikuwepo, kuna keki, bosi kaongea kaongea kaondoka. Nikangoja meza itulie nikatoa ile senti nikamwekea mkononi, nikamwambia 1976. Akanyamaza. Akaitazama ile senti akaiweka kwenye kile kimfuko kidogo cha jinzi, akasema huo ndo mwaka alioanza kazi, kisu alikinunua na mshahara wake wa kwanza, ana mtoto wa kike mmoja yuko mbali na havutiwi na visu, na miaka miwili alikua anafikiria ampe nani. Wenzie hawakusema kitu, mmoja akavuta kiti changu karibu. Halafu wakaanza kutoa visu vyao mezani kama kawaida, na mi nikatoa changu nikakiweka pale pale katikati ya vya kwao, kikazunguka, kila mtu akakifungua akasikiliza.

Mzee wa Kigoma, nimemsimulia habari za okapi, hakua anamjua kabisa huyo mnyama, nikamwonesha picha kwenye simu. Ana kisu hicho nyumbani! Alikinunua mnadani zamani kwa sababu ya mwezi na nyota tu. Kasema atakitafuta.

Dada wa Sheffield, nilifanya ulivyosema, nikakiweka kwenye shelfu ya juu jikoni nikamwambia mke wangu kipo hapa. Siku mbili hajakigusa. Leo asubuhi nimemkuta anahangaika na ule uzi wa gunia la unga, meno yameshindwa, akanyoosha mkono juu akakichukua. Akauliza bapa lipi. Nikamwambia lenye ncha butu. Akakata uzi, akakipangusa na kanga, akakirudisha mahali pake mwenyewe.

Jumamosi ijayo mzee anapita saa 2 asubuhi kunichukua twende Bradford kwenye makumbusho ya Zippo (wale wa viberiti vya chuma) na Case, na mke wangu keshasema atatukaangia maandazi ya njiani.